Ramani Inajua Mahali, Haijui Saa

Kwa vizazi, njia ya kutoka Unguja Ukuu kwenda kisiwa cha Uzi imekuwa barabara maji yakikupwa na bahari maji yakijaa. Gari hupita juu ya mawe, katikati ya mikoko, mpaka ng'ambo. Baada ya saa chache, palipopita gari panapita mtumbwi. Watu wa Uzi na Ng'ambwa hawakuhitaji kuelezwa jambo hili na mtu. Harusi, maziko, mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, mtoto wa skuli, gunia la mkaa, vyote vilipangwa kwa kuangalia mwezi na kuuliza maji yako wapi. Kazi ya kujenga daraja imeanza, na hakuna mwenye akili timamu atakayeililia taabu ile ikiondoka. Ila kama mfano, njia ile inafaa sana. Barabara iliyochorwa kwenye ramani ya simu haina kupwa wala kujaa. Iko pale pale saa sita mchana na saa sita usiku, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, rangi ile ile na upana ule ule.

Wanaoziandama ramani za simu kwa kawaida hulalamika kuwa zinakosea. Mimi sina malalamiko hayo, au tuseme si hayo yanayonishughulisha. Mara nyingi zinapatia, na kupatia kwenyewe ndiko kunakotulevya. Zinajibu suali moja, la wapi, na zinalijibu vizuri. Sisi tukishapata jibu hilo tunajifanya tumeshajibiwa na mengine: lini, kwa chombo gani, mvua ikiwa imenyesha au haikunyesha. Katika visiwa ambavyo nusu ya mambo yake yanaendeshwa na maji na pepo, masuali hayo mengine ndiyo yanayoamua kama utafika.

Machi 2012, wanafunzi watatu wa Kijapani waliokuwa matembezini Queensland, Australia, walikodi gari wakaamua kwenda kisiwa cha North Stradbroke. Watu huenda huko kwa feri. Kifaa chao cha kuongozea njia kikawaambia wanaweza kuendesha tu, nao wakaingia Moreton Bay maji yakiwa yamekupwa. Tope likaikamata gari, maji yakaanza kurudi, wakaiacha wakatoka kwa miguu. Walisalimika. Picha ya gari ndogo imesimama peke yake baharini ikazunguka dunia nzima na watu wakacheka.

Mtu wa Chwaka au Jambiani angecheka zaidi kuliko wote, maana yeye anaona kila siku bahari ikiondoka mpaka wanawake wa mwani wanaonekana kama nukta, kisha ikarudi hadi kwenye kuta za hoteli. Siku za bamvua tofauti baina ya maji ya juu kabisa na ya chini kabisa hapa Unguja hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Na saa nayo haikai: kila siku kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo pahala palipokuwa pakavu leo saa nne asubuhi, juma lijalo saa ile ile huenda pamejaa. Lakini kabla ya kuwacheka vijana wale, fikiria jambo moja. Hawakuwa vipofu. Maji waliyaona na tope waliliona. Walikuwa na habari mbili zinazopingana, moja kutoka kwenye kioo cha mbele cha gari na moja kutoka kwenye kioo cha kifaa, wakaiamini ya pili. Hilo halitokani na ujinga. Limewapata watu wenye vyeti na uzoefu wa miaka, na nitafika huko.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe, kwa sababu tunaposema "GPS" tunafunga mambo matatu katika fundo moja. La kwanza ni setilaiti. Mfumo wa Marekani ulirusha setilaiti yake ya mwanzo mwaka 1978 na ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti zake zinazunguka takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, kila moja ikitangaza saa yake. Simu ikisikia zisizopungua nne, inapiga hesabu ya muda uliochukuliwa na mawimbi kufika na kujua iko wapi. Mpaka Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiichafua kwa makusudi ishara ya raia ili jeshi pekee lipate usahihi. Rais Clinton akaamuru jambo hilo liachwe, na tangu hapo simu ya kawaida chini ya mbingu iliyo wazi inakosea kwa mita chache tu. Kazi ya setilaiti inaishia hapo. Haijui barabara, haijui daraja, haijui kama umesimama nchi kavu.

La pili ni ramani, ambayo ilichorwa siku fulani na watu fulani, au na kompyuta iliyosoma picha zilizopigwa kutoka juu. La tatu ni ile hesabu inayochagua njia, nayo kwa kawaida hupenda dakika chache kuliko kitu chengine chochote. Matatu haya yana ubora tofauti na kila moja linaharibika kwa namna yake. Kwenye kioo yanatoka kwa sauti moja, ya bibi mmoja mtulivu asiyewahi kusita. Tunaona kidoti cha buluu kimetuweka barabara ile ile tuliyopo, tunasema "kweli hii inajua", na imani tuliyoipata kwa setilaiti tunampa yule anayechagua njia, ambaye hajafanya lolote la kuistahiki.

Ndani ya Mji Mkongwe hata hiyo setilaiti inababaika. Vichochoro vyembamba, nyumba ndefu zenye kuta nene za mawe, mawimbi yanagonga ukuta huu na ule kabla ya kuifikia simu, na kidoti kinaruka kutoka Kiponda mpaka Hurumzi mtu akiwa amesimama tu. Hili ndilo kosa linalosemwa zaidi na watalii, na kwangu mimi ndilo jepesi kuliko yote. Anayepotea Mji Mkongwe hupoteza nusu saa, kisha hutokea Darajani au hutokea baharini, na njiani amekutana na kahawa. Simsikitikii.

Ninaosikitika nao ni wale ambao ramani yao ilikuwa sahihi, ila wakati wake umepita. Septemba 2022, huko Hickory, North Carolina, baba mmoja alikuwa akirudi nyumbani usiku, akafuata njia aliyoonyeshwa na simu hadi kwenye daraja lililobomoka tangu mwaka 2013. Akaanguka na gari akafa. Familia yake ikaenda mahakamani. Novemba 2024, karibu na Bareilly, Uttar Pradesh, India, wanaume watatu walikufa kwa namna hiyo hiyo katika mto Ramganga, kwenye daraja ambalo sehemu yake ilichukuliwa na mafuriko. Madaraja yote mawili yaliwahi kuwepo mazima. Aliyeyachora hakusema uongo. Na katika yote mawili, lawama haziishii kwenye simu: daraja bovu lisilo na kizuizi ni kosa la mwenye barabara hata kama ramani zisingegunduliwa.

Sasa wale wenye vyeti. Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty ilikuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston na watu zaidi ya 1,500. Ilikuwa na mtambo wa kujiongoza wenyewe, uliounganishwa na kipokezi cha GPS. Muda mfupi baada ya kuondoka bandarini, waya wa antena ukachomoka. Kipokezi hakikuzima. Kikabadilika kikaanza kukisia: kilichukua mwendo na mwelekeo wa meli, kikapiga hesabu ya inapopaswa kuwa, bila kujali upepo na mkondo uliokuwa ukiisukuma pembeni. Kengele ya kuonya ililia kwa sekunde moja hivi. Kwenye kioo zilitokea herufi ndogo kuonyesha kwamba sasa ni makadirio. Mtambo wa kuongoza nao haukuuliza, ukaendelea kuyafuata makadirio yale kana kwamba ni hakika. Hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya saa 34, zamu zikibadilishana na kila ofisa akiandika katika kitabu kwamba meli iko katika mstari wake.

Kuhusu jioni ya tarehe 10, wachunguzi baadaye walikuta mambo ambayo mimi sichoki kuyasoma. Ofisa mmoja aliona boya kwenye rada, pale alipotarajia kuona boya, akaridhika. Lilikuwa boya jengine. Wa zamu iliyofuata hakuliona boya lililokuja baadaye, akajibu kwamba ameliona, kwa sababu kioo kilimwambia limeshapitwa. Wavuvi waliokuwa karibu waliiita meli ile kwa redio, hawakujibiwa. Mlinzi mmoja aliyekuwa akitazama mbele kwa macho aliripoti maji ya buluu na meupe mbele ya meli. Ofisa akapokea ripoti, akaendelea. Baadaye meli ilipanda fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 nje ya mstari wake. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia.

Maji meupe mbele ya chombo! Mtoto wa Nungwi anayejifunza kushika usukani wa ngalawa hujua maana yake kabla hajajua kusoma. Maofisa wale nao walijua, walisomeshwa hayo. Ila walikuwa na uhakika, na mwenye uhakika hutafuta kwa macho yake kile kinachomthibitishia, na kisichothibitisha hukipa maelezo. Mtaalamu alipatwa zaidi kuliko mjinga hapa. Mjinga asiyejua kusoma rada angetoka nje akatazama maji.

Bahari ya Hindi ina kisa chake pia. Novemba 2014, katika mashindano ya kuzunguka dunia kwa matanga, chombo cha Team Vestas Wind kilitoka Cape Town kuelekea Abu Dhabi. Mabaharia tisa, ramani za kielektroniki za hali ya juu, kila kitu. Usiku wa tarehe 29 kikapanda mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius. Mwamba huo ulikuwemo kwenye ramani yao. Lakini ukiitazama ramani kwa mbali, ili uone safari nzima, alama zake zilififia, na ili kuuona mwamba kama mwamba ilibidi ukuze pale pale ulipo. Walioipanga njia hawakukuza pale. Karatasi ya zamani isingewafanyia hivyo, kwa sababu karatasi haifichi kitu ili ikupendeze. Ilikuwa na kasoro zake, nyingi, lakini si hiyo.

Na karatasi isisifiwe kupita kiasi. Ramani nyingi za bahari ya pwani yetu zilianzia kwa manowari za Kiingereza za karne ya 19 zilizopima kina kwa bildi, kamba na risasi, na mahali pa kila kipimo pakajulikana kwa jua na nyota. Hata mfumo wa vipimo vya ardhi uliotumika Afrika Mashariki karne ya 20 unatofautiana na ule wa GPS kwa mamia ya mita. Ukichukua namba sahihi kabisa kutoka setilaiti ukaiweka kwenye ramani ya mfumo wa zamani bila kurekebisha, umeliweka fungu sipo. Mita 300 mjini ni hatua za kwenda dukani. Kwenye mlango wa hori la Pemba usiku, mita 300 ni chombo kizima.

Hapa wavuvi wetu wanastahili kusikilizwa kuliko waandishi wa magazeti, mimi nikiwemo. Vifaa vidogo vya GPS vimeingia kwenye mashua na boti za Unguja na Pemba na vimeleta kheri. Zamani mvuvi akipata mwamba wenye samaki aliuwekea alama kwa kutazama pwani: mnazi ule uangaliane na mnara, ncha ya ras ifunike kilima. Alama hizo zilikuwa siri ya familia. Zilifanya kazi mchana, hewa ikiwa safi. Kwenye kiza au mvua ya masika hazikuwa na maana, na wako waliopotea kwa sababu hiyo. Leo kijana anabonyeza kitufe juu ya mwamba na kesho anarudi pale pale alfajiri bila kuona nchi. Atakayesema hiyo si neema hajalala baharini.

Lakini tazama vile nahodha mzuri anavyokitumia. Kile kifaa cha mkononi, ukikiambia kikurudishe bandarini, kinakuchorea mstari mnyoofu. Hakiulizi kama katikati ya mstari kuna fungu linaloota maji yakikupwa, wala kama kusi limechafua mlango. Nahodha anautazama mstari kujua bandari iko upande gani, kisha anazunguka fungu kwa njia anayoijua, akitazama rangi ya maji na mawimbi yanavyovunjika. Anaruhusu chombo kimwambie alipo na hakiruhusu kimwambie apite wapi. Mgawanyo huo wa kazi hakufundishwa darasani. Ninaogopa kwa ajili ya mwanawe, ambaye amekuta kifaa kipo tangu siku ya kwanza na hana sababu ya kujifunza lile fungu mpaka siku betri litakapokwisha.

Hofu hiyo ina ushahidi kidogo nyuma yake. Mwaka 2000, Eleanor Maguire na wenzake wa University College London walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London, wanaolazimika kuhifadhi kichwani mitaa kama 25,000 kabla ya kupata leseni, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachoshughulika na kumbukumbu za mahali, kubwa kuliko watu wengine. Mwaka 2017 watafiti wa chuo hicho hicho wakawapitisha watu katika mitaa ya Soho kwa picha. Waliojitafutia njia, sehemu hiyo ya ubongo ilichangamka kila walipoingia mtaa mpya. Waliokuwa wakifuata maelekezo ya kifaa, haikuchangamka. Sitaki kuvuta hoja hii mbali kuliko inavyofika. Kutochangamka kwa dakika chache si kuharibika. Lakini mwendesha bodaboda wa Mwanakwerekwe anayeanza kazi leo na simu imefungwa kwenye usukani anafika kwa mteja bila kujua amepita wapi, na baada ya mwaka anaweza kuwa anajua mtaa wake na kidoti tu. Mwenzake wa miaka kumi iliyopita alijua msikiti, duka, mwembe, na nani amezibwa njia kwa ujenzi.

Nikae kidogo hapa kwenye misikiti. Makka iko karibu kwenye longitudo ile ile ya Unguja na Pemba, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, takriban sawasawa. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, umeelekea huko, na msikiti wa mtaani kwako nao umeelekea huko. Ina maana kwamba kila mtaa wa visiwa hivi una dira iliyojengwa kwa mawe, haihitaji chaji na haikosei kwa kiasi cha kumpoteza mtu. Lakini utamwona mgeni Muislamu kwenye chumba cha hoteli anazunguka na simu mkononi, dira ya simu inababaishwa na chuma cha kitanda, inamwelekeza Bagamoyo, mara Dar es Salaam, na dirishani kwake jua linazama wazi kabisa. Akilitazama jua tu, akaliweka mkono wa kushoto, amemaliza.

Kuna wanaosema dawa ni kuuliza watu. Naam, lakini tusidanganyane. Sisi Wazanzibari ni wazuri wa maneno na tunaona aibu kumwambia mgeni hatujui. "Hapo mbele tu" yaweza kuwa dakika mbili, yaweza kuwa mwendo wa saa nzima juani. Mtu wa barazani atakuelekeza kwa nyumba iliyobomolewa zamani, au kwa jina la mtaa ambalo wenye umri chini ya arubaini hawalijui. Tofauti ni kwamba mtu ukimtazama usoni unaona anasita. Unamuuliza wa pili, akikupa jibu jengine unashtuka. Na aghalabu, bila ya kuulizwa, atakuongezea lile ambalo hukujua kuwa unalihitaji: "lakini leo huko hapapitiki, mvua ya jana." Simu haisiti, na hilo la mvua ya jana hailisemi.

Pemba inalidhihirisha jambo hili kuliko Unguja. Kisiwa kimekatwakatwa na ghuba na hori, vilima na mabonde ya mpunga, kiasi kwamba sehemu mbili zinazoonana kwa macho, moja huku na moja kule ng'ambo ya maji, zinaweza kutenganishwa na safari ndefu ya barabara. Anayetazama kioo na kuona "hapa na pale ni karibu" hajaambiwa kitu. Halafu kuna vijia vya udongo vinavyokata mabondeni na mikarafuuni. Kiangazi gari inapita. Masika, Machi hadi Mei, udongo ule unateleza na bonde linajaa, na mwenyeji anazunguka kwa barabara ya lami hata ikiwa ndefu mara mbili. Hesabu ya simu inayopenda dakika chache haina habari ya karafuu wala mpunga.

Na kabla hata hujafika, Pemba ina mtego wa jina. Kuna Pemba yetu na kuna Pemba mji wa Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado, nao una uwanja wa ndege. Ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia safari bila kutazama nchi, hakuna kitakachokuzuia. Msimbo wa uwanja wetu ni PMA, wa Msumbiji ni POL, na tiketi inatoka nzuri tu kwa wote wawili. Malindi nayo ni hivyo hivyo, ya bandarini kwetu na ya Kenya.

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kuwalaumu wageni wanaochora ramani wakiwa mbali. Lakini ramani yetu tumeichora wenyewe kwa sehemu kubwa. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani kuvipiga picha Unguja na Pemba, na vijana wa SUZA walifunzwa kuzirusha. Mwaka 2022, kabla ya sensa, ikaja kazi ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa vibao. Ujuzi upo. Ila kazi zote mbili zilishughulika na kilicho pale pale kila siku: paa, ukuta, barabara, namba. Lini njia inapitika halikuwa suali lao.

Na linawezekana kuwa suali. Ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, ina alama maalumu ya kuonyesha kwamba njia hufunikwa na maji ya kujaa, na nyengine ya kuonyesha kwamba njia hupitika kwa msimu. Programu nyingi za kuongozea njia haziziangalii alama hizo, lakini hazitaanza kuziangalia ikiwa hakuna aliyeziweka. Wanafunzi wachache wa jiografia, wakikaa na masheha wa Kusini Unguja, Micheweni na Wete, wangeimaliza kazi hiyo likizo moja. Sheha anajua kila njia katika shehia yake inakufa mwezi gani.

Hilo ni la muda mrefu. La sasa hivi liko mikononi mwa wanaokodisha magari na vespa na wanaopokea wageni mahotelini. Mwaka 2024 waliingia Zanzibar watalii zaidi ya laki saba, na wengi wao hupewa ufunguo pamoja na maneno mawili, "fuata ramani". Mgeni anayekwenda kula kwenye mkahawa uliojengwa juu ya mwamba kule Pingwe, ambao maji yakikupwa anaufuata kwa miguu na yakijaa anatoka kwa mashua, anaweza kuambiwa saa za maji za siku ile kabla hajapewa ufunguo. Ratiba ya kujaa na kupwa inapatikana bure na ni mistari minne kwa siku. Anaweza kuambiwa pia njia ipi isifuatwe masika hata simu ikiisifu, na kwamba akiona gari za wenyeji zote zinageuka kushoto pale simu inapomwambia anyooke, basi ageuke kushoto. Anayekodisha anayajua yote haya. Ndiyo maana gari yake mwenyewe haijawahi kupwelewa.